Sura ya Sita: Moshi Unaoliwa

Mtambo wa kuyeyushia shaba wa Washoe ulianza kazi mwaka 1902, juu ya kilima kinachoutazama mji wa Anaconda katika jimbo la Montana, Marekani. Wenye kampuni walikuwa na haraka. Machimbo ya Butte, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka hapo, yalikuwa yakitoa mawe mengi kuliko mitambo ya zamani ilivyoweza kuyamaliza, na miji ya dunia ilikuwa inaililia shaba kwa ajili ya nyaya za umeme. Chini ya kilima hicho limelala bonde la Deer Lodge, nchi ya maji na majani, ambako wafugaji walikuwa wamekaa zaidi ya miaka 40 wakinenepesha ng'ombe na kuwauzia nyama wachimba madini hao hao wa Butte.

Mwaka haukuisha kabla mifugo haijaanza kufa. Ng'ombe walikonda huku majani yakiwa tele, manyoya yakawasimama, wakaharisha, wakatupa mimba. Farasi waliishiwa nguvu hata za kuvuta mkokoteni mtupu. Nicholas Bielenberg, mmoja wa wafugaji wakubwa wa bonde hilo, alieleza kwamba alipoteza ng'ombe wapatao 1,000, kondoo 800 na farasi 20 katika majira hayo peke yake. Hao walikuwa watu waliozaliwa zizini. Homa wanaijua, njaa ya mifugo wanaijua, na majani yenye sumu ya asili wanayajua kwa majina. Walipoona wanyama wanakufa upande ule unaopulizwa na upepo wa mtambo na kupona upande mwingine, hawakuhitaji kuambiwa kitu.

Kuelewa kilichotokea, lazima tuanzie kwenye jiwe lenyewe. Shaba ya Butte haikukaa peke yake mwambani. Iliungana na salfa, na mara nyingi na aseniki. Jiwe la namna hiyo likitiwa motoni, salfa huungua na kuwa gesi, salfa dioksaidi, ile inayokaba koo na kuchoma macho. Aseniki nayo hugeuka mvuke, ikapanda na moshi, na ikikutana na hewa ya baridi nje ya dohani inaganda tena kuwa vumbi jeupe, laini kama unga. Gesi huenda na upepo na vumbi hushuka. Hushuka juu ya paa, juu ya kijito, juu ya nguo zilizoanikwa, na zaidi ya yote juu ya majani, kwa sababu bondeni hakuna kitu kilichotandazwa kwa wingi kama majani.

Kampuni ililipa. Katika mwaka ule wa kwanza iliwapa wafugaji fidia ya zaidi ya dola 300,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Kisha ikafanya lile ambalo karibu kila kiwanda cha namna hii kimelifanya tangu hapo: ikajenga dohani ndefu zaidi. Mwaka 1903 moshi wote ulikusanywa kwenye njia ndefu za matofali zilizopanda mlimani hadi kwenye dohani moja ya futi 300, yaani mita 91. Wahandisi walitumaini kwamba sehemu kubwa ya vumbi ingetua ndani ya njia hizo, na kinachobaki kingetawanyika angani kiasi cha kutomdhuru mtu.

Vumbi kidogo lilitua kweli. Lililobaki likaenda mbali zaidi. Malisho yaliyo karibu na mtambo yalipata ahueni kiasi, lakini wafugaji wa mbali, ambao mwaka 1902 walikuwa wakiwaonea huruma wenzao, sasa walianza kuzika wanyama wao. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu hoja ya dohani ndefu ingali inauzwa hadi leo, katika mikutano ya vijiji na katika ripoti zenye picha nzuri. Dohani haipunguzi hata gramu moja ya sumu. Inaamua tu shamba la nani litaipokea.

Mwaka 1905 wakulima wa bonde walijiunga pamoja na kufungua kesi katika mahakama ya shirikisho kwa jina la mmoja wao, Fred Bliss. Hawakuomba fidia tena. Waliomba mtambo ufungwe, au ulazimishwe kuacha kutoa moshi ule. Upande wao uliwaita wanakemia wawili vijana, William Harkins wa Chuo Kikuu cha Montana na Robert Swain wa Stanford. Kazi waliyofanya watu hao wawili inastahili kusomwa na kila anayejali habari za mifugo. Waliingia kwenye njia za moshi na kupima kilichopita humo. Waligundua kwamba mtambo ulikuwa unarusha hewani karibu kilo 27,000 za aseniki trioksaidi kila siku, pamoja na zaidi ya tani 2,000 za salfa dioksaidi. Kisha wakashuka bondeni, wakakata majani, wakakusanya nyasi kavu ghalani, wakawapasua wanyama waliokufa, na kuitafuta aseniki katika kila kimoja. Waliikuta.

Waliikuta hata puani mwa farasi. Ndani ya pua ya farasi kuna utando laini, wenye unyevu daima. Farasi anapokula huzamisha pua katikati ya nyasi, akapumua kwa nguvu, akatimua vumbi. Vumbi lile la aseniki hunata kwenye utando, likayeyuka kidogo katika unyevu wake, likaanza kuula. Farasi wa Deer Lodge walikuwa na vidonda humo, vingine vipana, visivyokubali kupona maadamu mnyama aliendelea kula nyasi zile zile. Harkins na Swain walipima nyama ya vidonda hivyo na kukuta aseniki ndani yake.

Ng'ombe hakuonyesha alama iliyo wazi kama hiyo, na hapo ndipo ugumu wa kesi ulipokuwa. Ng'ombe hufagia majani kwa ulimi, hula kilo nyingi kwa siku, na pamoja na majani humeza udongo. Kipimo cha siku moja hakimuui. Cha wiki moja pengine hakionekani kabisa. Lakini kila siku anaongeza kingine juu ya kile cha jana, na siku atakayoanguka, aliyekuja kumtazama ataona ng'ombe aliyekonda tu. Wala majira ya baridi hayakuwa nafuu. Montana ni nchi ya theluji, na mifugo hulishwa nyasi zilizokatwa na kurundikwa wakati wa kiangazi. Nyasi zile zilikwisha kupokea moshi wa miezi yote ya joto. Mfugaji aliyemfungia ng'ombe wake zizini ili kumwepusha na upepo wa mtambo alikuwa akimletea moshi huo mdomoni, uma kwa uma.

Wazee wa Afrika Mashariki waliochunga zamani za ukoloni hawatashangaa. Aseniki waliifahamu kutoka kwenye majosho, kwani ndiyo iliyokuwa dawa ya kupe kabla ya dawa za kisasa kuja, na kila mchungaji alijua kwamba ng'ombe aliyekunywa maji ya josho hakufika mbali. Tofauti ni kwamba josho lina ukuta, na mchungaji ana fimbo ya kumzuia mnyama asinywe. Bonde zima halina ukuta.

Kampuni nayo ilileta wataalamu wake, madaktari wa mifugo na maprofesa wenye majina makubwa. Kila kifo kilitafutiwa chanzo kingine: lishe duni, magonjwa ya kawaida, nyasi zenye miba, uzembe wa mwenye mali. Mashahidi walizidi 200 na kumbukumbu za ushahidi zikafikia kurasa 25,000. Mwaka 1909 Jaji William Hunt alitoa hukumu. Alikataa kuufunga mtambo. Sababu yake ilikuwa ya hesabu: Anaconda na Butte ziliutegemea, maelfu ya wafanyakazi waliutegemea, na hata wakulima wenyewe waliuza mazao yao katika miji hiyo. Rufaa ya mwaka 1911 haikubadili kitu. Chama cha wakulima kilikuwa kimeishiwa fedha na nguvu, na katika miaka iliyofuata kampuni ilinunua mashamba mengi ya bonde hilo, na kwingineko ikanunua haki ya kuyafukizia moshi.

Sioni kwamba Jaji Hunt alikuwa mtu mbaya. Aliona hasara upande huu na hasara upande ule, akachagua iliyo ndogo kwa macho yake. Kosa liko katika mizani aliyoitumia. Mizani hiyo humshinda mkulima sikuzote, kwa sababu ng'ombe wa familia moja hawawezi kuzidi thamani ya tanuru, na familia 100 zikisimama moja moja hazizidi pia. Mwenye mtambo akipimwa kwa faida yake na mwenye shamba kwa hasara yake, kiwanda kikubwa hupata ruhusa ya kudhuru kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa kikubwa.

Dohani iliendelea kurefuka. Mwaka 1918 ilikamilika nyingine ya futi 585, zaidi ya mita 178, na safari hii iliambatana na jambo la maana zaidi: mitambo ya umeme iliyobuniwa na Frederick Cottrell, inayolitia vumbi chaji na kulinasa kabla halijatoka. Aseniki iliyonaswa ikawa bidhaa. Iliuzwa kuwa dawa ya kuulia wadudu mashambani na ya kuhifadhi mbao. Yaani kitu kilichosemwa hakizuiliki kilizuilika, tena kikaingiza fedha, ila wafugaji walikuwa wamekwisha kushindwa. Mtambo ulifungwa mwaka 1980. Miaka mitatu baadaye serikali iliiweka Anaconda katika orodha ya maeneo yaliyochafuliwa zaidi nchini humo, na watu wa Mill Creek, kijiji kilichokuwa jirani na mtambo, wakahamishwa baada ya aseniki kupatikana katika mkojo wa watoto wao. Dohani ingali imesimama, lakini wageni huitazama kwa mbali, kwani udongo ulio chini yake haufai kukanyagwa.

Wakati Montana inanyamaza, ugomvi mwingine ulikuwa unaiva kaskazini zaidi. Huko Trail, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, kilikuwapo kiwanda kikubwa cha risasi na zinki kando ya mto Columbia, kilomita 11 tu kutoka mpaka wa Marekani. Katikati ya miaka ya 1920 kilijenga dohani mbili za futi 409. Bonde la mto ni jembamba na lina kuta ndefu, na moshi ulilifuata kama maji yafuatavyo mfereji, ukavuka mpaka bila pasi na kuingia katika mashamba ya jimbo la Washington. Kufikia mwaka 1930 kiwanda kilikuwa kinatoa zaidi ya tani 300 za salfa kwa siku.

Hapa mgonjwa wa kwanza alikuwa jani. Lusini, mmea wa malisho, ndiyo inayoonyesha mapema kuliko mimea mingi, na shayiri haiko mbali. Usiku moshi hutanda juu ya bonde bila kugusa ardhi. Asubuhi jua linapopasha joto, hewa hupinduka, na moshi uliokuwa juu unashuka wote kwa pamoja. Ni saa ile ile ambayo jani limefungua vitundu vyake ili lipumue, umande haujakauka, na mmea uko kazini. Gesi huingia humo, ikakutana na maji yaliyo ndani ya jani, ikawa asidi. Jioni mkulima haoni kitu. Baada ya siku moja au mbili anaona mabaka meupe katikati ya mishipa ya jani huku mishipa yenyewe ikibaki ya kijani. Ukilishika jani hilo linavunjika kama karatasi iliyokaukia juani. Mkato huo wa lusini umekwisha, na ng'ombe aliyekuwa akiungoja atanunuliwa nyasi za mtu mwingine.

Kampuni ya Trail haikuweza kuyanunua mashamba hayo kama ile ya Anaconda ilivyofanya, kwa maana katiba ya jimbo la Washington ilimzuia mgeni kumiliki ardhi. Kwa hiyo kesi ya wakulima ikawa kesi ya mataifa mawili. Tume ya pamoja ilipendekeza fidia ya dola 350,000 mwaka 1931. Serikali ya Marekani haikuridhika, na mwaka 1935 nchi hizo zilitia saini mkataba wa kuunda mahakama ya usuluhishi ya watu watatu: Mbelgiji, Mmarekani na Mkanada. Mmoja wa washauri wake wa kisayansi alikuwa Robert Swain, yule yule aliyekata majani Deer Lodge akiwa kijana.

Wanasheria duniani kote wanaikumbuka hukumu ya tarehe 11 Machi 1941, iliyosema kwamba hakuna nchi yenye haki ya kuitumia ardhi yake, au kuiacha itumiwe, kwa namna ambayo moshi wake utaidhuru nchi jirani. Sheria ya kimataifa ya mazingira imejengwa juu ya sentensi hiyo. Lakini sentensi hiyo ina mkia, nao unamhusu mkulima zaidi: madhara yawe makubwa, na yathibitishwe kwa ushahidi ulio wazi na wa kuridhisha. Chini ya kipimo hicho, katika uamuzi wa mwaka 1938 mahakama ilitoa dola 78,000 kwa ardhi na misitu, na kuhusu mifugo ikasema Marekani haijathibitisha kwamba moshi uliwadhuru wanyama, wala maziwa yao, wala sufu yao. Wafugaji hawakupata hata senti.

Huenda kwa salfa peke yake mahakama ilikuwa sahihi, kwa sababu gesi hiyo huliumiza jani kuliko inavyomuumiza ng'ombe. Lakini kiwanda kile kiliyeyusha risasi, na risasi hukaa udongoni. Mwaka 1971 watafiti walichapisha habari za farasi waliolishwa karibu na Trail, upande wa Kanada, waliokuwa wakiugua na kufa kwa sumu ya risasi iliyokuwa kwenye majani. Farasi aliyedhurika hivyo hupooza koo, akakoroma anapokimbia, hadi pumzi inamwishia. Miaka 33 ilikuwa imepita tangu uamuzi wa mifugo.

Trail ilituachia fundisho lingine. Kampuni ilipolazimishwa kuinasa salfa, iliigeuza asidi, na asidi ikaigeuza mbolea. Huko Ducktown, mji wa mitambo ya shaba katika jimbo la Tennessee, ilikuwa vivyo hivyo baada ya mahakama kuu ya Marekani kulipa jimbo jirani la Georgia ushindi dhidi ya moshi wake mwaka 1907: asidi iliyotokana na moshi ilikuja kuwa tegemeo la biashara ya kampuni. Kile kilichounguza mashamba kilirudi mashambani ndani ya magunia. Basi anayekuambia kwamba kuzuia moshi kutaua kiwanda, muulize juu ya miji hiyo miwili.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili habari hizi haziko mbali. Lubumbashi, mji wa Kongo unaozungumza Kiswahili tangu siku zake za mwanzo, ulizaliwa pamoja na tanuru. Kampuni ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapo mwaka 1911, kampuni ya serikali, Gécamines, ikairithi, na kazi ya mtambo huo wa zamani ikasimama mapema miaka ya 1990. Pepo za huko huvuma zaidi kutoka kusini mashariki, kwa hiyo moshi wa miaka 80 ulimwagika kaskazini magharibi. Ukitazama picha ya angani utaona mahali msitu wa miombo ulipotoweka, ukaacha ardhi tupu yenye majani machache yaliyojifunza kuvumilia shaba. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameupima udongo huo na kukuta shaba, zinki, risasi, kadimi na aseniki. Mtaa wa Penga Penga umejengwa humo humo. Watu wanapanda lengalenga na mahindi uani, na kuku wanaparua vumbi lile lile.

Madini hayaozi. Moshi wa salfa ukikoma, mvua huanza kuisafisha nchi, lakini shaba na risasi hubaki katika sentimita chache za juu za udongo, pale pale mizizi inapofanya kazi na mnyama anapochuna majani. Kondoo huvumilia shaba kidogo kuliko mbuzi au ng'ombe. Huilimbikiza kwenye ini kwa miezi bila dalili, kisha siku moja damu yake inaharibika, mkojo unakuwa mwekundu, anakufa ndani ya siku chache. Mfugaji anayeleta kondoo kwenye ardhi ya moshi wa zamani ajue hilo kabla ya kufungua banda.

Serikali zetu sasa zinasema madini yasafishwe hapa hapa, yasisafirishwe ghafi. Nakubaliana nazo kabisa. Kazi na faida zibaki nyumbani. Lakini katika habari za sura hii mkulima alidhoofishwa mara nyingi na jambo moja: hakuwa na kumbukumbu za jinsi shamba lake lilivyokuwa kabla ya moshi. Kampuni ilikuja na vitabu, naye alikuja na mizoga. Na hata ushindi ukija, huchelewa. Huko Mombasa, watu wa Owino Uhuru walioishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za risasi walihangaika mahakamani miaka mingi hadi Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipowarudishia fidia ya shilingi bilioni 1.3 waliyopewa mwaka 2020 na kunyang'anywa katika rufaa.

Kwa hiyo, mkisikia tanuru linakuja wilayani kwenu, msisubiri ng'ombe wa kwanza aanguke. Kabla moto haujawashwa, kijiji kidai udongo upimwe, majani ya malisho yapimwe, maji na maziwa na damu ya mifugo vipimwe, na nakala za majibu zikae ofisi ya kijiji pamoja na zile za kampuni. Daini vipimo hivyo virudiwe kila mwaka kwa gharama ya mwenye mtambo. Wenzetu wa Kenya wana silaha ambayo Fred Bliss hakuwa nayo: ibara ya 70 ya katiba yao ya mwaka 2010 inasema anayekwenda mahakamani kulinda haki ya mazingira safi hatakiwi kuonyesha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au kuumia. Mnaoishi chini ya katiba hiyo, itumieni. Msioishi chini yake, waulizeni wabunge wenu kwa nini.